Kidole cha Idman

Mkono wa Nunow ulikufa ndani ya shali, katikati ya bei.

Ilikuwa Jumatano, siku ya soko kubwa la mifugo Garissa, na Nunow, aliyeifanya kazi ya udalali kwa miaka thelathini, alikuwa ameshikana mkono na dalali mwenzake, Rage, chini ya shali ya Rage, kama kazi yao inavyotaka. Pale sokoni bei ya ng'ombe haitamkwi mbele ya watu. Mikono hufunikwa, vidole vikazungumza. Kubana kidole kimoja ni kuongeza elfu moja, viwili ni elfu mbili, na kuushika mkono mzima ni elfu tano. Wanaosimama pembeni hubaki kutazama nyuso, na dalali aliyeiva huukausha uso wake kama ngozi iliyowambwa juani. Nunow alikuwa akimnunulia mchinjaji wa Mwingi dume jekundu. Mchinjaji alimruhusu aongeze elfu mbili, asizidishe hata shilingi.

Simu ikalia. Akaitoa kwa mkono wa kushoto kwa sababu ilikuwa ya Idman, binti yake wa pekee.

"Aabo, kamati imetuita. Jumanne, saa tatu asubuhi. Wamesema uje wewe mwenyewe."

Kitu kilimpanda kutoka tumboni hadi kooni na kukaa hapo. Moyo ukaanza kupiga ovyo, masikio yakaziba, kelele za madume na watu zikawa mbali kana kwamba soko limehamia ng'ambo ya mto. Alijua anakufa. Aliwaza: hivi ndivyo watu wanavyokufa, wamesimama, jua likiwaka. Akaushika mkono uliokuwa karibu naye, akaukamata wote, kwa nguvu zake zote.

"Nimekubali," Rage akasema, akaivuta shali yake.

Walipomwambia mchinjaji bei, alimtazama Nunow kutoka kofia hadi viatu. "Mzee, elfu tano? Umelewa?"

"Silewi mimi."

"Basi ni nini? Nilikutuma mbili."

Nunow angemwambia nini? Kwamba hakuongeza bei, bali alikuwa akizama? Mkono ukishashikwa umeshikwa, hakuna kurudi nyuma, hiyo ni sheria ya soko kabla ya sheria za serikali, na yenyewe angalau inafuatwa. Udalali wake wa siku ile uliliwa na ile tofauti. Mchinjaji akalivuta dume lake, na alipokuwa akienda akasema, si kwa kunong'ona, kwamba wiki ijayo atatafuta dalali ambaye bado ana akili. Vijana waliokaa juu ya ukuta wa zizi wakacheka. Mmoja akasema siku akiuza ng'ombe wake, anaomba dalali wa mnunuzi awe Mzee Nunow.

*

Nyumba yao iko mtaa wa Galbet, vyumba viwili vya mabati na ua wa miiba. Idman alimkuta baba yake amekaa kitako uani, mgongo ukutani, mkono kifuani.

"Rage amenipigia," alisema. "Amesema ulibadilika rangi."

"Rage aseme habari za Rage."

"Hii ni mara ya ngapi, Aabo?"

Ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilimpata siku Idman alipopeleka karatasi zake kwenye kamati, ya pili msikitini, akiwa amesujudu. Hakuwa amemwambia mtu. Mwanamume wa miaka hamsini na tisa anamwambia nani kwamba anaogopa, na anaogopa hewa?

Jambo lenyewe, kwa asiyelijua, ni hili. Idman ana miaka ishirini na mmoja na hana kitambulisho. Alipofika miaka kumi na saba na kwenda kukiomba mapema ili akikamilisha umri kiwe tayari, alama ya kidole chake iliwekwa kwenye mashine na mashine ikasema huyu si Mkenya, huyu ni mkimbizi, yumo kwenye orodha ya kambi za Dadaab. Mtoto aliyezaliwa Garissa, baba Garissa, babu amezikwa Garissa. Mwaka ule wa ukame mkubwa, wa elfu mbili na kumi na moja, watu wengi wa hapa walikwenda kambini wakajiandikisha kama wakimbizi, kwa sababu kambini kulikuwa na unga na mjini hakukuwa na kitu. Mkimbizi alikuwa na kadi ya chakula. Raia alikuwa na bendera. Sasa unga umeshaliwa na ukasahaulika, lakini alama za vidole hazisahau, na wakubwa waliokuwa usingizini wakati njaa inapita wameamka kuja kuuliza nani alikula.

Bila kitambulisho Idman hasajili laini ya simu; anayotumia iko kwa jina la baba yake. Akipanda basi la Nairobi anateremshwa kwenye kizuizi cha daraja la Tana, mbele ya abiria wote, na basi linaondoka na nauli yake. Na sasa chuo cha uuguzi kilikuwa kimempa nafasi. Siku ya mwisho ya kuripoti ilikuwa Ijumaa, siku tatu baada ya kamati. Asiyeleta kitambulisho au barua ya kamati inayochunguza uraia, nafasi yake anapewa mwingine.

"Kesho tunakwenda kwa Sadia," Idman akasema.

"Mimi si mgonjwa."

"Basi utamsalimia tu."

*

Sadia alikuwa muuguzi, mwanamke wa Wajir mwenye sauti nzito, aliyefungua zahanati ndogo ya chumba kimoja nyuma ya duka la nyasi. Alimpima Nunow presha, akasikiliza moyo, akamchoma kidole kwa ajili ya sukari. Kisha akakaa kwenye kiti chake na kuvua glavu.

"Adeer, ami yangu, moyo wako mzima kuliko wangu."

"Basi kinachonipiga ni nini?"

"Kamati ni lini?"

"Jumanne."

"Na leo?"

"Alhamisi."

"Ndiyo ugonjwa wako huo. Mwili wako uko hapa Alhamisi, wewe mwenyewe umetangulia Jumanne. Mwili unakutafuta haukuoni, unapiga kelele."

Nunow akamtazama binti yake kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

Sadia hakujali. Alimwambia, hali ile ikianza, asikimbie na asipigane nayo. Atulize miguu chini. Avute pumzi polepole, aitoe polepole zaidi. Kisha ataje vitu vilivyo mbele yake, kimoja kimoja, kwa jina. Anavyoviona, anavyovigusa, anavyovisikia. Si vya jana wala vya kesho. Vile vilivyopo tu.

"Jaribu. Unaona nini?"

"Ukuta."

"Ukoje?"

"Mchafu."

Idman akaziba mdomo kwa ushungi.

"Vizuri," Sadia akasema. "Endelea hivyo. Ukuta mchafu, kiti, kalenda. Unachokitaja hakiwezi kukuua."

"Na dawa?"

"Ndiyo hiyo."

"Sindano hakuna?"

"Sindano ya nini, adeer? Ya Jumanne?"

Njiani kurudi, Nunow alitembea mbele, viatu vikipiga vumbi. "Nimelipa pesa kuambiwa nitazame ukuta," alisema. "Nchi hii hata ugonjwa wanakupa wa kujitibu mwenyewe. Mama yako alipokuwa anakufa walituambia gari la wagonjwa lipo ila halina mafuta. Leo mimi naambiwa dawa ipo ila ni ukuta."

Idman hakusema kitu. Kila mara jina la mama yake lilipotajwa, hakusema kitu. Nunow alilijua hilo kwa miaka minne, na kwa miaka minne alikuwa amelipita kama mtu anavyopita nyumba anayodaiwa.

*

Siku zilizofuata alijaribu ile dawa kwa siri, jinsi mtu anavyojaribu dawa ya mganga ambaye yeye mwenyewe alimcheka hadharani. Asubuhi, moyo ulipoanza kuruka, alitaja birika, mkeka, uzi uliochomoka kwenye mkeka, sauti ya punda wa maji nje ya ua. Mara ya kwanza haikufaa kitu. Mara ya pili hali ile ilibaki tumboni, haikupanda kooni. Alikasirika kwamba ilikuwa imesaidia.

Jumapili Rage alikuja na maziwa ya ngamia kwenye kibuyu, akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa. Walijuana tangu wakiwa wachunga ndama.

"Nilijua haikuwa bei ile," Rage akasema. "Mkono wako ulikuwa baridi kama wa maiti."

"Ulijua, na ukakubali?"

"Soko ni soko, walaal, ndugu yangu. Ndiyo maana nimekuletea maziwa."

Wakanywa. Nunow akamweleza habari za Sadia, akitazamia mwenzake acheke. Rage hakucheka. Alijifuta ndevu.

"Ngamia akishtuka, wewe humwambia habari za malisho ya kesho? Unamkalisha, unamfunga goti. Anabaki na ardhi iliyo chini yake. Huyo mwanamke amekufunga goti, hilo tu."

"Mimi si ngamia."

"Ngamia ana bei."

Nunow akatabasamu kidogo, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. Alichungulia kama Idman yuko karibu. Idman alikuwa ameenda kufua kwa jirani.

"Watauliza nani alimpeleka kambini," akasema.

"Si uliandika kwenye fomu kwamba ni marehemu mke wako?"

"Niliandika."

"Basi waambie marehemu. Shamis yuko kwa Mungu, hakuna askari wa kumfuata huko. Wewe ukisema ni wewe, ni kosa hilo. Umeidanganya serikali. Watakufunga, na binti atabaki na baba wa jela na bila kitambulisho. Mara mbili hasara."

"Na Idman?"

"Idman si anajua tayari ni mama yake?"

Ndiyo, Idman alijua hivyo. Siku mashine ilipomkataa alirudi nyumbani analia na kuuliza, ni nani, Aabo, nani alinifanyia hivi? Na Shamis alikuwa na mwaka mmoja kaburini, na neno likatoka lenyewe, jepesi kama mate: mama yako. Mfu hana wa kumtetea. Hata wakubwa wanajua hilo, ndiyo maana kila faili linalopotea lilishikwa na karani aliyekufa.

Moyo ukaanza. Kibuyu, alisema kimoyomoyo. Nzi kwenye kibuyu. Goti la Rage.

*

Jumanne walifika saa mbili. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Watu walikuwa wamejipanga ukutani, wazee kwa vijana, kila mmoja na bahasha yake ya plastiki kifuani. Mwenyekiti wa kamati alishuka garini saa tano kasoro, akapita mbele yao bila salamu, akifuatwa na mtu aliyembebea chupa ya maji na mto wa kukalia. Wao walikaa juu ya saruji.

Walipoitwa ilikuwa karibu na adhuhuri. Ndani kulikuwa na meza ndefu. Mwenyekiti, mtu wa bara mwenye miwani, alikaa katikati. Kulia kwake chifu, kushoto ofisa wa usalama aliyekuwa akiandika na hakuinua kichwa. Pembeni msichana mmoja alikuwa na kompyuta na kile kimashine kidogo cha kuchukulia alama za vidole. Idman alipewa kiti karibu na mashine. Nunow hakupewa kiti.

"Wewe ndiye baba?"

"Ndiyo." Mbele ya watu kama hawa alitumia Kiswahili chake cha sokoni, ambacho hakijali ngeli.

"Hapa umeandika mtoto aliandikishwa kambini na mama. Mama yuko wapi?"

"Alikufa."

"Una cheti cha kifo?"

"Alikufa njiani. Njiani hakuna mtu anaandika cheti."

Mwenyekiti akashusha pumzi, akageuza ukurasa. "Mzee, nisikilize. Utaratibu ni kwamba yule aliyemwandikisha mtoto ndiye anakuja kuapa hapa kwamba alidanganya, na mtoto ni Mkenya. Akiapa tunafuta jina kambini leo leo. Kama amekufa, hatuna wa kuapa. Faili linakwenda juu."

"Juu ni wapi?"

"Nairobi."

"Linakaa siku ngapi?"

"Mpaka watakapoamua."

Chifu akakohoa. Ofisa akaandika. Idman akageuka, akamtazama mwenyekiti, akasema kwa sauti ndogo, "Afande, chuo ni Ijumaa."

"Mimi si afande. Na si mimi niliyekupeleka kambini. Mlaumu mama yako."

Idman akainamisha kichwa. Nunow akauona mgongo wake ukijikunja ndani ya buibui, na kile kitu kikampanda. Kilipanda kwa kasi kuliko siku zote. Chumba kikawa chembamba. Vidole vikafa ganzi hadi viganjani. Akawaona askari wanamfunga pingu, akamwona Idman na ndoo za watu kichwani akiwa na miaka hamsini, akaliona kaburi la Shamis, yote kwa pamoja, na hewa ikakwisha.

Akaikaza miguu chini.

"Meza," alisema.

"Unasema?" mwenyekiti akauliza.

"Chupa ya maji. Ni nusu. Faili ya kijani. Feni, haizunguki."

Ofisa wa usalama sasa akainua kichwa. "Huyu mzee yuko sawa?"

"Yuko sawa," Idman akasema haraka. "Ni dawa yake. Tafadhali, mwacheni kidogo."

Msichana wa mashine, labda kwa aibu, labda kwa kutaka kazi iendelee, akamgusa Idman bega. "Weka dole gumba la kulia hapa, dada. Tuthibitishe tu."

Nunow akatazama. Hina ilikuwa imebaki ukingoni mwa ukucha, nyekundu iliyofifia. Palikuwa na kovu dogo la jiko. Kidole kikashuka juu ya kioo, kikakaa, msichana akakibonyeza kidogo kwa kidole chake.

"Hiyo kidole," Nunow akasema.

"Mzee, subiri uulizwe."

"Hiyo kidole ni mimi nilishika."

Kompyuta ilikuwa ikiunguruma.

"Alikuwa na miaka saba. Aliogopa ile mashine, alisema itamuuma. Mimi nilimshika hapa" — akaonyesha kifundo cha dole gumba chake — "nikakibonyeza mimi. Nilitaja jina ya uongo, na mahali ya uongo. Mama yake hakukuwa. Mama yake alikuwa hapa Galbet, alikataa. Hiyo niliandika kwenye fomu ni uongo."

Mwenyekiti akavua miwani. "Unajua unachokisema mzee? Ni kosa. Ofisa huyu anaandika."

"Aandike."

"Unaweza kushtakiwa."

"Najua. Hiyo mwaka mbuzi yangu themanini alikufa. Serikali alikuja. Alihesabu mizoga, akaandika kwa kitabu, akaenda. Sisi tulikula nini? Kitabu?"

"Sikukuuliza serikali ilifanya nini."

"Ndiyo. Hakuna mtu anauliza."

Hapo ndipo chifu alipopata ulimi. Akamwinamia mwenyekiti na kusema kwamba huyu mzee anamjua, na baba yake alimjua, ni wa hapa kabisa, hawa ni watu wetu. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi, jirani wa mtaa mmoja, na hakuwa amelisema. Chifu huona njia ikishafagiliwa.

Walimwapisha Nunow. Maelezo yake yakaandikwa kurasa mbili, akasomewa haraka asishike hata nusu, akaweka dole gumba chini kwenye wino. Mwenyekiti akasema ataitwa, asiondoke mjini. Alama za Idman zingefutwa kambini, kitambulisho kingeanza kushughulikiwa, na kwa sasa achukue barua hii yenye mhuri apeleke chuoni. Chuo kikiikubali, vyema. Kisipoikubali, hilo si la kamati.

"Anayefuata," akasema.

Tangu kile kidole kilipotajwa, Idman hakuwa amemtazama baba yake hata mara moja.

*

Nje jua lilikuwa utosini. Watu wa foleni walimuuliza Idman imekuwaje, wakaona barua, wakampongeza, mama mmoja akambusu kichwani. Idman alipita katikati yao. Alivuka lango, akatembea hadi mwisho wa ukuta wa ofisi, mahali ambapo kivuli kilikuwa cha upana wa mtu mmoja, akasimama.

Nunow akamfuata. Akasimama hatua mbili nyuma.

"Miaka minne, Aabo."

"Ndiyo."

"Idd zote watu walimwombea mama, hooyo wangu, mimi nilikuwa nanyamaza. Wewe uliniona nikinyamaza."

"Nilikuona."

"Nilisema kwa nini nimwombee mtu aliyeniuza kwa unga."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa Nunow, yale yale ya kila siku, yaliyolainika kwa kutumiwa. Wakubwa. Ukame. Unga waliouficha kwenye maghala. Yalikuwa kweli, kila moja lilikuwa kweli, na angeweza kuapia.

"Usiniambie serikali," Idman akasema, bila kugeuka.

"Sisemi."

"Wala njaa."

"Sisemi."

"Basi sema kilichobaki."

Pikipiki ilipita na mbuzi amefungwa nyuma.

"Mama yako alisema afadhali tufe tukiwa na majina yetu," Nunow akasema. "Niliondoka nawe yeye akiwa amelala. Niliporudi na ule unga hakuuonja. Alikupikia wewe, akanipikia mimi. Yeye hakuula mpaka mvua iliponyesha."

Idman alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, buibui yake safi ya kamati, akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Alilia kwa mabega, barua ikiwa imekunjwa mkononi, na kila mara alikuwa akiisogeza mbali isilowe.

Nunow hakujua aweke wapi mikono. Moyo ulikuwa ukimpiga, ndiyo, ulikuwa ukimpiga vibaya, na mbele yake hakukuwa na meza wala faili, kulikuwa na mtoto wake tu. Akageuka kuelekea dukani.

"Unakwenda wapi?"

"Nikuletee maji."

"Sitaki maji."

"Soda basi."

"Nimesema sitaki kitu. Usiniguse, usinisemeshe. Na usiende. Kaa hapo."

Akakaa. Kivuli kilikuwa kimekwisha, kile kidogo kilichokuwapo kilikuwa cha Idman, kwa hiyo yeye alikaa juani, miguu mbele kama mtoto wa madrasa, kofia ikimbana kichwa. Jasho lilimtiririka nyuma ya sikio na hakulifuta. Adhana ya adhuhuri ilianza msikiti mmoja, ikapokewa na mwingine. Watu waliokuwa foleni waliwatazama, kisha wakachoka kuwatazama. Binti alilia mpaka akanyamaza, akanyamaza mpaka akaanza kulia tena, na mara zote mbili baba yake alikuwa pale pale.

Askari wa lango alikuja akiburuta buti, rungu chini ya kwapa.

"Mzee, hapa hapakaliwi. Mkubwa anatoka na gari sasa hivi."

Nunow hakusogea.

"Mzee, nasema na wewe. Nani amekuambia ukae hapa?"

"Huyu," akasema. "Binti yangu."